Kwaya Mbili Juu ya Ukuta

Hotuba ya mlezi wa kwaya katika sherehe ya jubilii ya miaka 25 ya ushirika wa kwaya zetu za Kitale na Bungoma



Walio wa upande wa Bungoma, mulembe! Walio wa upande wa mlimani, chamgei! Na wale ambao lugha yenu sikuitaja, salamu zenu ziko ndani ya hizo mbili, msinikasirikie.

Nimepewa dakika ishirini. Mama anayesimamia programu ana kengele mkononi, na wanakwaya wanajua kwamba akiigonga, hata solo hukatwa katikati. Basi niende moja kwa moja.

Tumekutana kumshukuru Mungu kwa miaka 25 ya kuimba pamoja. Kwaya mbili, miji miwili, barabara moja. Mwaka hadi mwaka Kitale wameteremka kwenda Bungoma na Bungoma wamepanda kuja Kitale. Tumeoa na kuolewa kwa njia hiyo. Tumezika wapendwa wetu kwa njia hiyo. Tukiulizwa utajiri wetu ni nini, tutasema ni watu hawa, na barabara hii.

Leo nataka tuiangalie barabara yenyewe, kwa sababu katika safari zetu mara nyingi tumeipita tukiimba, na mtu akiimba akiwa ndani ya basi haoni sana nje.

Ukianzia Kitale, unauacha mji ulioanzishwa kwa ajili ya walowezi. Reli iliufikia mwaka 1926, na kwa miaka mingi mahindi na maziwa ya Trans Nzoia yalishuka kwa treni. Vijana wengi walioketi hapa mbele hawajawahi kupanda treni Kitale. Kando ya mji iko Kipsongo, ambako familia nyingi za Waturkana zilitafuta mahali pa kuweka kichwa, na ziko Tuwani na Shimo la Tewa, ambako mvua ikinyesha usiku mama halali, anasogeza kitanda. Na mjini kati wako watoto wanaobeba chupa ya gundi. Tunawapita tukielekea kwenye mazoezi.

Unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu, halafu unafika Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls. Hapo kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi miaka ya mwanzo ya 1970. Hakukuwa na kiwanda cha karatasi kikubwa kama hicho nchini. Kililisha zaidi ya familia elfu moja moja kwa moja, na wengine wengi waliuza chai, walipangisha nyumba, waliendesha magari ya magogo. Mwaka 2009 kikafungwa kikiwa kimezama katika madeni. Kikafunguliwa kidogo, kikasimama tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi. Kazi zimerejea kiasi, lakini mtu aliyeijua Webuye ya zamani akishuka steji leo anaona pengo.

Ukiendelea unafika Bukembe, kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Wakulima waliomo humu ndani hawahitaji hotuba yangu juu ya maana ya kungoja malipo. Mwaka 2025 kiwanda hicho kilikodishwa kwa kampuni binafsi, na watu bado wanaangalia kitakachofuata. Ndipo unaingia Bungoma, mji wenye watu wengi, biashara nyingi, boda boda nyingi, na mitaro ambayo haijui maji yaende wapi.

Hiyo ndiyo barabara yetu. Swali langu kwenu wanakwaya ni moja: kwaya ina kazi gani katika miji inayochakaa?

Wako wanaosema kazi yetu ni kuimba juu ya mbinguni, mambo ya mitaro tuwaachie kaunti. Wengine wanasema nyimbo hazijengi kitu, afadhali vijana wakatafute pesa. Nimevipima vitabu vya Maandiko juu ya jambo hili, na kitabu kilichonijibu ni Nehemia. Wengi tunakijua kwa sababu ya ukuta. Lakini mkisoma vizuri mtaona kwamba kitabu kile kimejaa waimbaji.

Nehemia alikuwa na kazi nzuri ng'ambo, katika jumba la mfalme. Akapata habari za kwao: ukuta umebomoka, malango yameungua, watu wamo katika aibu. Akalia, akafunga, akaomba. Kisha akaomba ruhusa, akarudi. Na jambo la kwanza alilofanya alipofika halikuwa mkutano wa hadhara. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta kuuangalia. Akapita lango la jaa, yaani lango la takataka. Akafika mahali ambapo kifusi kilikuwa kingi hata mnyama aliyempanda akakosa njia. Aliona kwanza, kwa macho yake, ndipo akasema.

Wapendwa, tumaini la Mkristo huanzia hapo. Halianzi kwa kufumba macho. Mtu anayesema mji hauna shida, huyo hana tumaini, hajatembea tu.

Na hapa lazima nitofautishe tumaini na ahadi. Katika siku za nabii Yeremia alikuwako mtu aliyeitwa Hanania, naye aliwaambia watu kwamba taabu ya uhamisho itakwisha kwa miaka miwili. Ni ujumbe mtamu. Watu waliupenda. Lakini Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautafute usalama wa mji ule walimo, kwa sababu kukaa kwao kutakuwa kwa miaka sabini. Ujumbe huo ulikuwa mgumu kumeza, lakini ndio uliokuwa wa kweli, na ndio uliowaweka watu hai.

Nasi tumekuwa na akina Hanania wetu. Kila baada ya miaka mitano jukwaa linawekwa, spika zinafungwa, na tunaambiwa kwamba kiwanda kitanguruma mwezi ujao. Wako watu waliofunga biashara ndogo waliyokuwa nayo wakingoja barua ya kuitwa kazini. Wako vijana waliozeeka wakingoja. Sisemi viwanda visifunguliwe. Tunaomba vifunguliwe, vilipe watu vizuri, na visichafue maji ya Nzoia. Nasema kwamba tumaini lililofungwa kwenye king'ora cha kiwanda kimoja hufa king'ora kikinyamaza. Tumaini letu limefungwa kwa Yeye aliyefufuka katika wafu, na kwa hiyo linaweza kufanya kazi hata siku ambayo hakuna kilichofunguliwa.

Pia hatuombi zamani irudi. Kitabu cha Ezra kinasimulia kwamba msingi wa hekalu ulipowekwa upya, wazee waliokumbuka nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na vijana wakapiga kelele za furaha, hata haikuwezekana kutenganisha sauti ya kilio na ya furaha. Nawaelewa wazee wale. Lakini tukumbuke yote. Kitale ya zamani ilikuwa na barabara safi, na Mwafrika alipita humo akiwa na kipande shingoni. Webuye ya zamani ilikuwa na mishahara, na wakazi wake walilalamika kwa miaka mingi juu ya harufu na moshi uliokula mabati ya nyumba zao. Mungu akifanya upya, hafanyi nakala ya jana.

Turudi kwenye ukuta. Sura ya tatu ya Nehemia ni orodha ya majina, na wasomaji wengi huiruka. Mimi naipenda kuliko nyingine zote. Humo utawakuta makuhani wakijenga. Utawakuta wafua dhahabu na watengeneza marashi, watu wa mikono laini, wakibeba mawe. Utamkuta Shalumu na binti zake, ili mtu asiseme kujenga ni kazi ya wanaume. Utawaona wakuu wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo kufanya kazi, na aibu yao imeandikwa hata leo. Na utaona neno linalorudi tena na tena: fulani alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyepewa mji mzima. Kila mmoja alipewa kipande anachokiona akifungua mlango asubuhi.

Na lango la jaa je? Nani alilijenga lile lango la takataka? Malkiya mwana wa Rekabu, na Biblia inatuambia cheo chake: alikuwa mkuu wa wilaya. Mtu mkubwa alichukua lango linalonuka. Alilijenga, akatia milango, komeo na makufuli.

Ukuta ukaisha kwa siku 52. Na ndipo, wanakwaya, tunaingia sisi. Katika sura ya 12, siku ya kuuweka wakfu, Nehemia aliwakusanya waimbaji kutoka vijiji vya kandokando. Akawagawa makundi mawili makubwa. Ndiyo, kwaya mbili! Akawapandisha juu ya ukuta. Kwaya moja ikaenda upande wa kuume, nyingine ikaenda upande wa pili, zikauzunguka mji, hata zikakutana kwenye nyumba ya Mungu. Wanawake na watoto wakafurahi pamoja nao, na shangwe ya mji ikasikika mbali.

Sasa angalieni kwaya ya kwanza ilielekea wapi. Imeandikwa wazi: kuelekea lango la jaa. Ezra mwandishi akiwa mbele, vinanda na matoazi mkononi, waimbaji wakiwa wamevaa vizuri bila shaka, njia yao ilipita juu ya takataka za mji. Mwenye kupanga maandamano angeweza kuchagua njia nyingine. Hakuchagua.

Kutokana na habari hiyo najifunza mambo mawili. La kwanza, kwaya ilisimama juu ya kitu. Ule ukuta ulibebwa na watu waliochoka, waliosema wakati mmoja kwamba kifusi ni kingi na nguvu za wachukuzi zimekwisha. Wimbo haukuchukua nafasi ya kazi yao. Ulisimama juu yake na kumpa Mungu utukufu kwa ajili yake. La pili, wimbo ulipelekwa mpaka kwenye sehemu chafu ya mji, ili mtu wa lango la jaa ajue kwamba shangwe hii ni yake pia.

Mambo ya namna hii si mageni kwetu. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa walikaa chini na baraza la manispaa ya Kitale na shirika la ITDG, wakapanga pamoja mambo ya maji, vyoo na njia za kupita. Watu waliokuwa wakiitwa tatizo la mji wakashika kalamu, wakachora mtaa wao. Hawakumaliza shida zote. Walijenga mbele ya nyumba zao.

Sasa naomba niseme nasi wenyewe, kwa upendo, maana jubilii si siku ya kusifiana tu.

Nehemia hakungoja ukuta uishe ndipo ashughulike na madeni. Katika sura ya tano, kazi ikiendelea, akasikia kilio cha watu waliokuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na waliokuwa wakiwadai ni ndugu zao. Akawaita, akawaambia warudishe. Alijua kwamba mtu hawezi kujenga ukuta bega kwa bega na mtu anayemkimbia kwa sababu ya deni.

Kwaya zetu zina mfuko wa kusaidiana. Umetusomeshea watoto, umenunua mbolea, umesafirisha maiti. Tunamshukuru Mungu kwa huo. Lakini hesabu mliyosomewa mwezi uliopita inaonyesha wanakwaya kumi na wanne, wa pande zote mbili, walioshindwa kulipa. Nimeiangalia orodha ile pamoja na orodha ya mahudhurio. Kati ya hao, kumi na mmoja hawaji tena mazoezini. Tumekuwa tukiuliza besi imekwenda wapi. Besi haijafa, wapendwa. Besi iko nyumbani, inaogopa kukutana na mweka hazina.

Jubilii katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, ilikuwa kila mwaka wa hamsini. Sisi tumefika nusu yake tu. Lakini tumelikopa jina, basi tulichukue na maana yake. Baragumu lilipigwa ili mtu aliyepoteza shamba arudi kwenye shamba lake, na aliyejiuza kwa ajili ya deni arudi kwa jamaa yake. Ndiyo maana ya muziki wa siku ile.

Kwa hiyo, nikiwa mlezi wenu, naleta mapendekezo matatu, na nimekwisha kumpa mwenyekiti kwa maandishi ili kamati iyajadili kabla ya mwezi kwisha.

Pendekezo la kwanza. Riba yote ya hao kumi na wanne ifutwe, na waliofiwa au kupoteza kazi wafutiwe deni lote. Fedha zitoke kwenye sadaka ya leo iliyotengwa kwa ajili ya majoho mapya. Najua majoho mapya yamesubiriwa. Nimewatazama mkiingia leo asubuhi, na nawaambia majoho haya bado yanapendeza. Joho jipya halijai lenyewe. Linahitaji mtu ndani yake. Na habari hii isipelekwe kwa ujumbe wa simu. Wazee wawili wawili waende majumbani, wanywe chai, waseme: mwenzetu, nafasi yako ipo.

Pendekezo la pili. Kila kwaya ichague lango lake la jaa. Kitale wanao mtaro nyuma ya kanisa, na vijana wanaookota vyuma na plastiki hapo. Bungoma wanayo ile sehemu ya soko ambako akina mama mboga hukaa matopeni. Jumamosi moja kila mwezi, kabla ya mazoezi, tuchukue majembe, reki na magunia. Tukimaliza, tuimbe papo hapo, bila spika. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 imetupa haki ya kutoa maoni yetu, kaunti ikiitisha vikao vya bajeti, watu wetu watatu kutoka kila upande waende, wakae mpaka mwisho, waulize juu ya mtaro ule mpaka ujibiwe. Huko pia ni kuimba, ila kwa sauti moja na bila kinanda.

Pendekezo la tatu. Tufungue darasa la solfa kwa watoto wa jirani, wawe wa kanisa letu au la. Mtoto wa chupa ya gundi naye ana sauti. Mwalimu wetu wa kwaya anajua hilo kuliko mimi, maana baadhi ya sauti bora katika kwaya hizi zilianza kwa kuchungulia dirishani.

Wako watoto wetu walio Nairobi, Qatar na Saudi Arabia. Wengine wametutumia mchango wa sherehe hii, Mungu awabariki. Tusiwalaumu kwa kuondoka. Njaa ilikuwa na sauti kubwa. Lakini nawaambia, nao watausoma ukurasa huu: Nehemia naye alikuwa mtu wa ng'ambo. Na watu wa Yerusalemu waliwabariki wote waliojitolea kukaa ndani ya mji, kwa maana ulikuwa mpana na watu wake walikuwa wachache. Ninyi mliobaki Kitale, Webuye na Bungoma, mnaolima robo ekari, mnaofungua kibanda saa kumi na moja alfajiri, mnaofundisha darasa la watoto themanini, leo kanisa linawabariki kwa majina yenu. Kukaa kwenu si kushindwa.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zetu hazikuzibwa, na sasa ni ukuta. Ni sawa. Mungu wetu anajua kazi ya ukuta, na amewahi kuifanya kwa watu kama sisi: wafua dhahabu, binti za Shalumu, na mzee mmoja aliyekubali lango linalonuka.

Kitale nendeni upande wenu. Bungoma nendeni upande wenu. Pitieni lango la jaa. Na tukikutana tena mwakani katika nyumba ya Bwana, tuhesabiane kwanza waliorudi, ndipo tuhesabu nyimbo mpya.

Mama, kengele sasa unaweza kuigonga.